Sindano 65 au kisu mara moja?

Chukua mama wa miaka 36 kutoka Bondo, magharibi mwa Kenya. Uvimbe wa titi umeshatolewa, kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) amemaliza, na maabara imeonyesha kwamba saratani yake hulishwa na estrojeni, homoni ya kike. Sasa daktari anamwambia ovari zake, vile vifuko vya mayai, zinyamazishwe. Anaweza kudungwa goserelini, dawa ya kuzilaza ovari, chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28 kwa miaka mitano, au alazwe zitolewe moja kwa moja.

Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi saratani ya matiti ilivyonywea baada ya kutoa ovari, kabla hata estrojeni haijajulikana. Sindano ilikuja karibu karne nzima baadaye. Na si kila mgonjwa anahitaji mojawapo: utafiti uitwao SOFT, uliotoa matokeo yake mwaka 2014, ulionyesha kuwa waliofaidika zaidi ni wenye umri chini ya miaka 35 na wale ambao hatari yao ilikuwa kubwa kiasi cha kupewa kemo. Kwa wengi waliobaki, tamoksifeni, kidonge kinachoizuia estrojeni isiifikie saratani, peke yake ilitosha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza “ipi?”, uliza “mimi ninaihitaji?” Na kama kipimo cha vipokezi vya homoni, kinachoonyesha kama saratani hulishwa na homoni, hakijafanywa, hapo hakuna cha kujadili.

Uzuri wa sindano ni kwamba mlango haufungwi. Mwili ukikataa, unaacha. Hedhi inaweza kurudi, na mwenye hamu ya mtoto bado ana tumaini. Kisu hakina marejeo. Joto la ghafla, ukavu ukeni na mifupa kudhoofika huja kwa njia zote mbili, lakini aliyetolewa ovari akiwa na miaka 32 atakaa na hali hiyo maisha yake yote, moyo na mifupa vikikosa kinga mapema mno.

Udhaifu wa sindano uko kwenye kalenda. Ni 13 kwa mwaka, 65 kwa miaka mitano, na kila moja ina nauli ya matatu hadi Kisumu, foleni, na wasiwasi kama dawa ipo. Mgomo wa madaktari wa Kenya wa mwaka 2024 ulidumu siku 56. Hizo ni sindano mbili. Ikichelewa, ovari huweza kuamka kimyakimya bila hedhi kurudi, na kama mgonjwa anameza anastrozoli au letrozoli, vidonge vya kuzuia estrojeni inayotengenezwa nje ya ovari, vidonge hivyo havifui dafu mbele ya ovari zilizo macho. Anameza kila asubuhi akidhani amekingwa.

Upasuaji unafuta kalenda hiyo yote. Penye vifaa hufanywa kwa matundu madogo tu tumboni. (Wengi huogopa wakidhani mji wa mimba nao unatolewa, la, unaweza kuachwa mahali pake.) Na kwa aliyerithi hitilafu ya jeni za BRCA, kutoa ovari humpunguzia pia hatari ya saratani ya ovari zenyewe. Sindano haiwezi kudai hivyo.

Mimi ningemwambia wa miaka 45, aliyemaliza kuzaa na anayeishi mbali na hospitali, asiogope kisu. Huyu wa miaka 36 ningependa aanze na sindano miezi kadhaa, aonje maisha bila estrojeni kabla ya kuamua jambo lisilorudi nyuma. Linalonikera ni yule anayepelekwa upasuaji kwa sababu tu kikomo cha mwaka cha SHA, bima ya afya ya serikali, kimeisha. Hapo aliyechagua ni mfuko, si mgonjwa. Hata hivyo siwezi kumlaumu daktari wake, maana ovari zilizotolewa zinamkinga kuliko sindano asiyoipata.

Basi mama wa Bondo, kabla hajatia saini popote, apitie dirisha la dawa aulize: siku ya 28 ikiangukia mgomo, sindano yangu nitadungwa wapi, na nani? Akijibiwa kwa kutikiswa kichwa, hilo nalo aende nalo kwa daktari pamoja na majibu ya maabara.