Nyasi zilizoshika bunduki

Juzi barazani, huku kwetu Ngamiani, Tanga, kijana mmoja alituzungushia simu. Kwenye kioo, droni ndogo huko Ukraine inamfuata askari mmoja shambani. Jamaa anakimbia, anauzunguka mti, anachoka, anasimama kuitazama. Picha ikakatika. Muuza kahawa akabaki na birika mkononi: "Sasa huyu angekimbilia wapi?"

Wazee wakasema hivyo si vita tena. Mimi nakubali nusu. Kilichobadilika ni umbali. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoteremsha watu wapatao 8,000 hapa Tanga, Ras Kazone, ilibidi watu wasogeleane ndipo wauane. Upande wa Mjerumani walikuwa kama 1,000, wengine wameletwa kwa reli kutoka Moshi, na wakashinda. Nyuki nao wakaingia bila kualikwa. Sisi watu wa Tanga hapo pa nyuki ndipo tunapopapenda, tunasimulia huku tunacheka.

Lakini hebu tazama nani alikuwa akimpiga nani. Wengi wa walioshuka melini ni Wahindi waliopakiwa Bombay. Wengi wa waliowangoja ni askari Waafrika. Hawa na wale walikosana lini? Askari wa Mjerumani alifuata mshahara na heshima ya kurudi kijijini na sare. Wapagazi wengi hata hayo hawakuyapata. Vita vile viliua wapagazi makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi.

Ndiyo maana ile methali ya tembo na nyasi huwa inanikera kidogo. Nyasi haziumii tu kwa kukanyagwa. Zinapewa bunduki.

Oktoba 2022 Mtanzania mwenzetu alikufa Ukraine. Alikwenda Urusi kusoma, akahukumiwa kifungo, akaahidiwa msamaha akikubali kwenda vitani na Wagner, kikundi cha Kirusi cha askari wa kukodiwa. Serikali yetu ilithibitisha Januari 2023. Mipaka ya Ukraine ilimhusu nini? Alitaka kutoka jela, basi.

Haya yote niliyasema pale pale barazani, kahawa inapoa. Mwenye simu alinisikiliza vizuri. Ni kijana msikivu, amemaliza chuo, na bodaboda anayoendesha si yake; jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye pikipiki.

"Kaka," akaniuliza, "kwani hao Wagner wanalipa shilingi ngapi kwa mwezi?"