Pima kiwiko kwanza, rangi ya kabati itafuata

Siku hizi mtu akitaka kukarabati jiko kitu cha kwanza anachotuma kwenye grupu la WhatsApp ni picha. Kabati nyeupe, vishikio vyeusi, taa tatu za kuning'inia na meza kubwa katikati utadhani kila nyumba ya Mbezi, Dar, ina jiko la ukubwa wa sebule. Alafu fundi anaambiwa nataka hivi hivi, na fundi wa watu anasema sawa bosi, maana anataka kazi, na hapo hakuna hata mmoja aliyeuliza humu ndani kunapikwa nini, anapika nani, na huyo anayepika ana urefu gani.

La urefu silisemi kwa utani. Meza ya jikoni ya kipimo cha Ulaya na Marekani ina sentimita 90 hivi kutoka chini, na mafundi wetu wanaofuata picha za mtandaoni wanaleta hiyo hiyo, na kwa kukatia vitunguu haina shida kabisa. Sasa weka juu yake jiko la gesi la pleti mbili, umeongeza kama sentimita 10, weka na sufuria, mdomo wa sufuria unafika 115 au zaidi. Mwanamke wa sentimita 155 kiwiko chake kiko kwenye 97 hivi. Yaani anasonga ugali mikono ikiwa usawa wa kifua, na ugali hausongwi kwa vidole jamani, unasongwa kwa uzito wa mwili, unainama, unakandamiza mwiko, unageuza. Nilimkuta shangazi yangu Tegeta kwenye jiko jipya la graniti kapanda juu ya kreti la soda, mkono mmoja na kitambaa kashika sufuria isizunguke, mwingine anasonga, na kila akikandamiza kreti linasogea kidogo juu ya tailizi zinazong'aa. Wanae waliomjengea hilo jiko walikuwa sebuleni wanasubiri chakula.

Dawa yake ni rahisi tu. Sehemu ya kukaa jiko la gesi ishushwe iwe sentimita 65 mpaka 70, meza nyingine zote zibaki 85 au 90. Fundi atakwambia haitapendeza, mstari wa meza utakatika. Ukatike. Kama ni jiko la kusimama chini na oveni yake basi urefu wake huwezi kuubadilisha, hapo angalau jenga pembeni kijukwaa cha chini cha zege chenye sehemu ya kuweka jiko moja la kusongea.

Na hili la kumpima mpishi kabla ya kujenga sio mambo ya kienyeji, ndiko hata hayo majiko tunayoyaiga yalikotokea. Mwaka 1926 mwanamama mmoja wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la nyumba za wafanyakazi pale Frankfurt Ujerumani, dogo tu, upana kama mita 1.9 na urefu mita 3.4, na alifika huko baada ya kuangalia mama wa nyumbani anapiga hatua ngapi na kila kazi inakula muda gani. Akaweka droo za aluminiamu za unga na mchele zenye mdomo wa kumiminia, akaweka na stuli ya kukalia. Hata kabati za bluu alizopaka zilikuwa na sababu, siku zile iliaminika nzi hawaipendi bluu. Sijui nzi wa Manzese wangesemaje kuhusu hilo, lakini unaona rangi ilikuja baada ya kazi. Sisi tumechukua umbo tukamwacha mtu.

Sasa lile jiko la Frankfurt, na ile pembetatu maarufu ya sinki, jiko na friji, yaani kuvipanga hivyo vitatu ili mpishi asitembee sana, iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois miaka ya 1940, vyote vinamhesabu mpishi mmoja yuko peke yake. Kwetu lini umemwona mpishi yuko peke yake? Kuna mama, kuna dada, kuna mtoto anachambua mchele, na siku ya shughuli wanaingia mashangazi wanne na masufuria yao. Ndo maana mi naona ile meza ya katikati ni balaa kwenye jiko la mita tatu kwa tatu, inawabana watu wanabaki kupishana upande upande, na mwisho wa siku inakuwa pa kuwekea mikate na chaja za simu. Acha katikati wazi. Panga kwa umbo la L, sinki chini ya dirisha, na ubakize pa kuweka kigoda, maana nazi bado inakunwa kwa mbuzi kwenye nyumba nyingi hata kama blenda ipo. Alafu mlango wa kutokea uani usizibwe hata fundi aseme utapata ukuta mzuri wa kabati. Samaki watakaangwa wapi? Maharage yatachemkia wapi, kwenye gesi masaa mawili? Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, ni jambo jema na naliunga mkono, ila jiko la mkaa la uani litaendelea kuwepo bado na kujifanya halipo ndo kunakoleta mkaa ndani siku gesi imeisha usiku.

Jiko la wazi lililoungana na sebule nalo nitalisema kwa kifupi. Dagaa. Kama hamli dagaa wala hamkaangi samaki, endeleeni.

Kuna kitu kimoja cha mpangilio ambacho hakionekani kwenye picha na ndicho kinachoniogopesha kuliko vyote, mtungi wa gesi. Watu wanaufungia ndani ya kabati chini ya jiko ili usionekane. Hii gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, inatulia chini, inajaa humo humo kabatini inasubiri cheche. Utoe mtungi nje kwenye kizimba chenye kivuli na matundu, bomba lipite ukutani. Kama haiwezekani basi hiyo sehemu isiwe na mlango kabisa, na ukutani kuwe na tundu usawa wa sakafu, sio juu.

Tuje kwenye malighafi. Mi ni mtu wa slabu ya zege, ile ya zamani, kuta ndogo za tofali na slabu juu yake, milango ya mbao mbele. Watu wanaiona ya kishamba ila haivimbi. Ile MDF inayong'aa dukani ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na gundi, ikipata maji pembeni kwenye ukingo inavimba na hairudi tena, na chini ya sinki maji yatavuja tu siku moja, hilo halina mjadala. Ukilazimisha kabati za bodi basi chini ya sinki weka marini, ile bodi inayostahimili maji, na zote ziinuliwe kutoka sakafuni ili dada akideki kwa maji mengi zisinywe. Milango weka mninga au mtiki kama mfuko unaruhusu. Na bawaba kwa sisi wa Pwani usinunue za bei rahisi, chumvi ya hewa inazila.

Juu ya slabu graniti ni sawa. Marumaru ya jiwe, ile nyeupe yenye mishipa, kaa nayo mbali, maana asidi inaila, na hizi ni nyumba za ndimu, siki na ukwaju kila siku, utaona duara la kipande cha ndimu limebaki pale mpaka unahama. Graniti ikikushinda bei, tailizi za hapa hapa za viwanda vya Mkuranga au Chalinze zinatosha, chukua pana ili mistari iwe michache, na za chini zisiwe zile za kung'aa, mafuta na maji vikikutana pale ni kuteleza na kuvunja nyonga.

Haya, rangi. Nyeupe tupu inakufa na manjano na mawese, hasa ile simenti nyeupe ya kati ya tailizi, hiyo weka kijivu. Nyeusi ya kung'aa nayo inapendeza wiki ya kwanza tu kama mnatumia maji ya kisima, chumvi ikikauka inaacha madoa meupe kila tone lilipodondoka. Napenda rangi za katikati, za mchanga, za udongo, kijivu chenye madoadoa. Lakini usinisikilize mimi wala muuza duka, omba kipande cha sampuli, nenda nacho nyumbani, kipake mafuta ya kula na manjano, kamulia na ndimu, kiache kilale. Asubuhi pangusa na sabuni ya kawaida, kikitakata nunua, kisipotakata kirudishe.