Shemeji, swichi na wimbo wa sekunde moja

Najua sauti aliyorekodi shemeji, akisimulia nilivyoumbuka usiku wa kusikiliza santuri, imeshazunguka kwenye magrupu. Nimeisikia, na kicheko chake mwishoni pia nimekisikia. Basi wadau, pokeeni toleo la mhusika kabla chumvi haijazidi.

Albamu ni Scum ya Napalm Death, ya 1987. Niliwaita watu tuisikilize kwenye santuri kwa sababu nimechoka kuambiwa eti graindikoo (pank na metali zilizokimbizwa kasi hadi mwisho) ni kelele tupu. Nikajiandaa kama mhadhiri. Nikaeleza kwamba upande A ulirekodiwa Birmingham 1986, upande B mwaka uliofuata, na katikati bendi ikavunjikavunjika hadi Mick Harris, mpiga drumu, akawa ndiye pekee anayesikika pande zote mbili. Upande A yupo Nik Bullen na gita la Justin Broadrick. Ukigeuza, wapo Lee Dorrian na Bill Steer. Nyimbo 28 kwa dakika kama 33. Mtangazaji John Peel akazipiga nyimbo zao redioni BBC. Haya yote yalikuwa sahihi, na shemeji hakuyagusa kwenye sauti yake. Roho mbaya ile.

Nikashusha sindano. Jamani, moto! Nikawa napiga kelele juu ya kelele: "Sikieni blasti biti! Snea na drumu ya mguu zinavyokimbizana! Huyu Harris si binadamu!" Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja alikuwa anaandika.

Ikafika zamu ya You Suffer, wa mwisho upande A, sekunde 1.316, wimbo uliotambuliwa na Guinness kuwa mfupi kuliko yote duniani. Nikanyanyua mkono. "Mtu asipumue." Hawakupumua. Ukapita. Nikafumba macho, nikaacha kimya kitue, kidole bado kiko hewani.

"Shem, samahani."

Shemeji ni mtu wa kwaya. Alikuwa ameifungulia albamu ileile kwenye simu, kisikizi sikio moja, aone majina ya nyimbo. Tulianza pamoja.

"Mimi bado niko wimbo wa nane. Tena wa kwangu ana sauti ya mtu mzima. Wa kwako kama mtoto kabanwa na mlango."

Nikafumbua jicho moja. Likaenda kwenye pleya lenyewe, mimi silitumi. Swichi ya mwendo: 45.

(Nyie mnaocheka, subirini hesabu.) Usiku uliotangulia nilipiga singo ya inchi 7, ya mwendo wa 45, swichi sikuirudisha. Santuri hii ya inchi 12 inataka mizunguko 33⅓ kwa dakika. Gawanya 45 kwa 33⅓ upate 1.35: mwendo umeongezeka asilimia 35, na sauti imepanda nusu toni tano na ushee. Kwenye muziki wa kuimbwa ungeshtuka papo hapo. Huku gita zimeshushwa chini mno na zimejaa distoshen, muungurumo wa koo hauna noti ya kushika, na nyimbo zinaisha kabla sikio halijapata pa kusimama. Ndiyo maana usiamini sikio: tazama swichi, kisha pima wimbo mmoja mrefu kwa saa ya simu na ulinganishe na muda ulioandikwa. Kama pleya yako ina vidoti vya kuangalia mwendo, vile vya mwendo unaotakiwa viwe vimesimama, visitembee.

Na hiyo You Suffer yangu, kwa hesabu hiyohiyo, ilichukua sekunde 0.97. Nimevunja rekodi ya dunia nikiwa nimefumba macho, na Guinness hawakuwepo.

Hayo mengine hayana maana: nikaomba radhi, nikaweka 33, nikarudia upande A mwanzo mwisho. Nyimbo mbili tu, yule aliyekuwa anaandika akauliza kama bendi imechoka. Shemeji akaitisha kura. 45 ikashinda.