Mtungi Uliokataa Kutoka Kanisani

Mlango wa kanisa letu una upana wa sentimita 85. Najua kwa sababu niliupima mwenyewe, tena mara nne, ila nilichelewa siku nane.

Mimi ni fundi wa simiti hapa Ahero, karibu na Kisumu, na wakijitokeza vijana wa ng'ambo waliokuja kujitolea, huwa pia mkalimani. Kazi ya pili ndiyo ngumu. Yule wa msimu huo alikuwa Mholanzi, mwanafunzi wa uhandisi, mrefu hadi chandarua kilimwishia magotini, na mbu wa mashamba ya mpunga ya Kano hawaachi mguu uliowekwa mezani. Kila asubuhi alimeza doksisaiklini ya kuzuia malaria. Sasa dawa hiyo hufanya ngozi iungue upesi juani, na yeye alikuwa akichekecha mchanga kuanzia saa tatu hadi saa tisa bila kofia. Wiki haijaisha, pua ilikuwa inabambuka kama kiazi kilichochemshwa. Kwa kuwa alifika siku moja na masika, dani (bibi mzee, kwa Kijaluo) wa boma alilofikia akampa jina la Okoth, jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Likamshika.

Kazi yenyewe ilikuwa mtungi wa simiti wa lita 1,000, wa kukinga maji ya paa la kanisa. Naupenda mtungi wa aina hiyo kwa sababu hautaki mbao wala chuma cha kuufinyangia. Unamwaga kitako kwanza, juu ya karatasi ya nailoni ili kisishikane na sakafu. (La nailoni tulilikumbuka, tafadhali liandikwe.) Unashona gunia kubwa lenye umbo la boga, unalikalisha juu ya kitako, unalijaza makapi ya mpunga na kuyashindilia kwa fimbo mpaka gunia livimbe pande zote. Makapi kwetu ni ya kuzoa tu vinuni. Unalilowesha gunia, unapaka koti la kwanza la nusu sentimita: simiti karai 1, mchanga wa mto karai 2, maji kidogo kuliko unavyofikiri. Likianza kukaza, unapaka la pili. Kisha unadunga msumari hapa na pale kupima unene. Usipofika sentimita 1, ongeza, hasa chini, maana huko ndiko maji husukuma zaidi. Kesho yake unachota makapi kupitia mdomoni, unavuta gunia, unapaka simiti tupu ndani, halafu unaufunika kwa magunia mabichi wiki nzima au zaidi. Ukikauka haraka, unapasuka. Mifuko 2 ya simiti inatosha na kubaki.

Kinachoharibu kazi hii ni mvua ya siku ya kwanza. Koti bichi likinyeshewa huteremka lote kama uji, na mvua ya upande huu wa ziwa hupenda kuja alasiri, wakati fundi ndiyo kwanza anapaka koti la pili. Ndiyo maana mimi, wala si Okoth, nikasema: tuufinyange ndani ya kanisa.

Pasta akaridhia, mabenchi yakasogezwa, kazi ikaenda vizuri ajabu. Mtungi ukatoka na tumbo la sentimita 120, bila ufa hata mmoja. Siku ya nane wakaja vijana wanane na magogo ya kuuviringishia, kwani ulikuwa na kama kilo 200. Tukausukuma hadi mlangoni. Ukasimama. Tukaugeuza. Kitu cha duara ukikigeuza upana ni uleule, lakini mtu hawezi kusimama tu mbele ya Pasta. Tukaugeuza tena.

Dani alikuwa benchi la nyuma akichambua omena.

"Mimi niliona tangu siku ya gunia," akasema. "Nikajua mtabomoa ukuta. Si nyinyi ndio mmesoma?"

Kumbe Pasta naye aliona. Vijana waliona. Kila mmoja aliamini Okoth ana mpango wake, na mgeni hakosolewi mbele za watu. Okoth aliamini mimi nina mpango. Mimi nilikuwa natafsiri.

Ukuta haukubomolewa. "Huu ni wa harambee ya miaka miwili," Pasta alisema, "na huo mtungi ni wa siku nane." Basi tukaurudisha kando ya dirisha, tukapitisha paipu ya gata dirishani, na ya mfereji tukaitoboza ukutani ili watu wachotee nje. Mdomoni tukafunga wavu wa kuzuia mbu. Mvua ya kwanza tuliisukumia pembeni, kwa kuwa huosha mavi ya popo kutoka paani, na maji ya kwanza yaliyojaa yakaenda kufulia, maana mtungi mpya huyapa ladha ya simiti. Tulifikiria kila kitu isipokuwa paipu ya kufurikia.

Paa lina mita za mraba 60. Milimita 1 ya mvua kwa kila mita ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 25, hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea njiani, inaleta lita 1,200. Ikashuka Jumapili, mtungi ukiwa tayari nusu.

Ningependa kusema Pasta alikuwa akihubiri habari za Nuhu. La, yalikuwa matangazo ya michango ya harusi. Maji yakavuka mdomo, yakatelemka taratibu hadi sakafuni, na sakafu ni ule udongo wetu mweusi unaonyonya na kuvimba. Akina mama wakavua viatu. Kwaya ikapanda juu ya mabenchi bila kuacha kuimba. Mtungi ukaanza kuinama upande wa wanaume.

Okoth akatoka mbio, akachomoa paipu kwa nje na kuishikilia hewani mpaka baraka ya mwisho. Sisi ndani tuliona mikono miwili dirishani na pua moja nyekundu. Pasta akamtangaza mfadhili wa ibada.

Mtungi wa pili tuliujenga nje, chini ya turubai. Siku ya kushona gunia, dani alifika na kamba. Akapima gunia kimya, akafunga fundo, akaondoka kwenda kulipima lango la boma.