Zege la mkopo, mabasi ya nani?

Kwa muda mrefu, aliyepita Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, asubuhi alikuta jambo la kuumiza. Katikati kuna njia ya zege ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, pana na tupu, bodaboda mmoja mmoja wakiipita kwa kuiba. Pembeni daladala za Rangi Tatu zimeshonana, abiria wananing'inia mlangoni, konda anagonga bati. Vituo vimeezekwa, basi hakuna. Njia hiyo ya kilomita 20.3 ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ujenzi ukianza 2019. Watu wa Mbagala walianza kupanda mabasi yake 2025.

Kwa nini fedha ya zege inapatikana na ya basi haipatikani? Zege lina mwanzo na mwisho: mkandarasi anaingia, anamaliza, anakabidhi. Basi linadai kila siku. Linataka mafuta, tairi, vipuri na mshahara wa dereva, na halina siku ya kukatiwa utepe mara ya pili. Ndiyo maana mpango wa mwendokasi wa Dar es Salaam tangu mwanzo ulikuwa Serikali ijenge njia, mabasi yaletwe na mwekezaji binafsi.

Wanaotetea mpango huo wana hoja, na historia ya jiji hili iko upande wao. Shirika la umma la mabasi, UDA, lilianza miaka ya 1970. Haikuchukua muda mabasi yakaanza kulala gereji kwa kukosa vipuri, na abiria wakabaki vituoni. Watu binafsi walijaza pengo kwa magari ya wizi wizi, hadi Serikali ikayaruhusu rasmi 1983. Nauli ilikuwa shilingi tano, "dala", na jina likabaki. Daladala, pamoja na adha zake zote, zimelibeba jiji hili kwa miaka 40 bila kuomba senti ya Hazina. Anayesema Serikali isirudi kwenye biashara ya mabasi hasemi kwa chuki, anakumbuka tu.

Lakini tazama njia ya Kimara. Awamu hiyo ya kwanza ya mwendokasi, kilomita 20.9 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza kazi Mei 2016 na mabasi 140 ya mpito. Nauli ya njia kuu ilipangwa shilingi 650. Mwanzoni watu walishangilia, na kwa haki, maana safari ya Kimara hadi Posta iliyokuwa inakula asubuhi nzima ilifupika sana. Kisha mabasi yakachakaa. Jangwani, palipojengwa karakana, ni bondeni, na Mto Msimbazi ukifurika maji yanaingia mpaka chini ya magari. Foleni zikarefuka, watu wakaanza kuingilia dirishani. Oktoba 2025 abiria waliochoka kusubiri waliyapiga mabasi mawe, na mabasi yaliyokusudiwa Mbagala yakapelekwa kuwasaidia wa Kimara.

Kwangu mimi, mabishano ya basi kuwa la umma au la binafsi yamekaa pembeni ya jambo lenyewe. Nauli inapangwa na Serikali, na ni sawa, kwa sababu mama anayeuza mboga Kariakoo hana pa kuongeza. Lakini nauli hiyo ikiwa haitoshi kuendesha basi, pengo lazima lijazwe na mtu. Lisipojazwa waziwazi litajazwa kimyakimya: matengenezo yanaahirishwa, basi linatolewa njiani, abiria analipa kwa kusimama saa moja kituoni. Mpango wa awali ulilijua hilo. Mwendeshaji alipwe kwa kila kilomita anayoendesha, mkusanya nauli awe mwingine, na mtunza mfuko awe mwingine kabisa.

Hapo mtu wa Songea ataniuliza kwa nini kodi yake ilipie basi la Kimara. Swali lake ni zito, silipuuzi. Ila kwenye reli ya kisasa, SGR, iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024, Serikali ilinunua treni yenyewe, haikuacha reli ikisubiri mwenye mabehewa. Na kama ruzuku ya Hazina inaleta ubishi, jiji la watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 linaweza kuanza kujichangia. Wenye magari binafsi wanaoegesha Posta na Kariakoo wanalipa ushuru wa maegesho. Sehemu yake iende kwenye mfuko wa mabasi.

Awamu ya tatu inakwenda Gongo la Mboto kupitia Barabara ya Nyerere. Mkataba wa mabasi yake ubandikwe hadharani, kila abiria ausome: mabasi mangapi yatakuwa njiani saa kumi na mbili asubuhi, mwendeshaji analipwa kiasi gani kwa kilomita, na pengo la nauli linatoka kifungu gani cha bajeti.