Betri Moja Kubwa, au Kila Redio na Betri Yake?

Chukua kituo cha muda cha redio za ridhaa, yaani za wapenzi wa mawasiliano, si za biashara: redio 2 za wati 100 za HF (masafa mafupi, yanayofika mbali), redio 1 ndogo ya VHF (ya mawasiliano ya karibu), kompyuta ya mkononi, taa na simu za kuchaji. Vifaa karibu vyote hivi vinaishi kwa umeme wa DC, kama wa betri, wa takribani volti 13. Kuna wanaobeba betri moja ya ampea-saa 100 (yaani ampea 1 kwa saa 100), wakaiunganisha na sanduku la kugawia umeme, kila kifaa kikachomekwa hapo. Wengine hubeba betri 5 za ampea-saa 20, na kila redio ikawa na yake. Uzito unakaribiana, nishati ni ileile, lakini tabia za mifumo hii miwili ni tofauti kabisa, hasa siku mambo yanapokwenda kombo.

Tuanze na betri kubwa, kwa kuwa hoja zake ni nzito na mara nyingi hupuuzwa. Redio ya wati 100 hutumia ampea 1 hadi 1.5 ikipokea, na hufika ampea 20 hadi 22 sauti inapopanda wakati wa kurusha. Kwa betri ya ampea-saa 100 hilo ni jambo dogo: ni kama robo tu ya uwezo wake kwa saa, na volti hazishuki sana. Betri ya ampea-saa 20 inayotolewa ampea 22 inafanya kazi ngumu. Ile ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 iliyotulia kwenye volti 13.2 inaweza kushuka hadi 12.6 chini ya mzigo huo. Ongeza waya. Shaba ya milimita 2.5 za mraba ina ukinzani wa takribani miliomu 7 kwa kila mita. Kebo ya mita 3 ni mita 6 kwenda na kurudi, yaani miliomu 41, na kwa ampea 22 unapoteza volti 0.9. Redio inabaki na volti 11.7. Redio nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa volti 13.8, kuzidi au kupungua kwa asilimia 15, kwa hiyo 11.7 ndiyo ukingo wenyewe. Hapo ndipo sauti inaanza kukwaruza, na nyingine hujizima katikati ya sentensi. Kebo hiyohiyo ikiwa ya milimita 6 za mraba hupoteza chini ya volti 0.4.

Betri kubwa ina faida nyingine mbili: paneli ya sola na kidhibiti chaji kimoja vinatosha, na nishati haibaki imelala kwenye betri ya mtu asiyerusha huku mwenzake ameishiwa.

Sasa upande wa pili. Ndani ya kila betri ya lithiamu kuna saketi ya ulinzi inayokata umeme ikiona mkondo umezidi, volti zimeshuka mno, au seli zimepata joto. Tuseme saketi hiyo inaruhusu ampea 40. Redio mbili zikirusha kwa pamoja, sauti zote zikapanda katika sekunde ileile, mahitaji ni ampea 44. Kwa mazungumzo ya kawaida vilele viwili hukutana mara chache na kwa kitambo kifupi, na saketi nyingi huvumilia. Kwa mawasiliano ya kidijitali, ambapo redio inarusha kwa nguvu moja sekunde nyingi mfululizo, havumiliwi mtu. Umeme ukikatwa, si redio moja inayonyamaza. Zote zinanyamaza, na taa, na kila kilichokuwa kwenye sanduku. Zaidi ya hapo, baadhi ya betri haziwaki tena mpaka mzigo wote utolewe au chaja ichomekwe. Kwa kituo kinachosaidia waokoaji, dakika hizo ni nyingi.

Hatari inayonitia wasiwasi zaidi haizungumzwi sana. Ni waya hasi. Kwenye sanduku moja, hasi za vifaa vyote zimekutana. Redio kubwa imeunganishwa pia na kompyuta kwa kebo ya USB, na kompyuta inalishwa na sanduku hilohilo. Sasa kiunganishi cha hasi cha redio kilegee. Ungetarajia redio izime. Haizimi. Mkondo unatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri na unaipata: kutoka mwili wa chuma wa redio, kupitia ngao ya kebo ya USB (waya wa nje unaoizunguka), kuingia kwenye kompyuta, na kutoka kwa waya hasi wa kompyuta. Kebo iliyokusudiwa kubeba nusu ampea inaombwa ibebe 20. Inapata moto, plastiki yake inalainika, na njia nyembamba za shaba kwenye bodi ya saketi ya kompyuta zinaungua. Aliyekaa mbele ya redio haoni kitu mpaka anusie harufu. Redio ikiwa na betri yake, na kompyuta ikiwa na yake, hasi ikilegea redio inazima tu. Kosa linajitangaza lenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo, usiweke fyuzi kwenye waya hasi wa sanduku la pamoja. Kebo nyingi za redio za wati 100 huja na fyuzi 2, moja chanya na moja hasi, na zina maana yake ndani ya gari: waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini ukikatika, mkondo wa kuwashia injini unaweza kupita kwenye redio, na fyuzi ya hasi inauzuia. Kwa betri ya kubeba isiyogusa mwili wa gari, sababu hiyo haipo. Fyuzi ya hasi ikiungua peke yake kwenye sanduku la pamoja, umejitengenezea kosa lile la USB kwa mkono wako.

Fyuzi za chanya, kinyume chake, hazina mjadala. Ya kwanza ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 15 hadi 20, kwa kuwa kazi yake ni kulinda waya. Kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote kikipiga shoti. Kisha kila tawi la sanduku lipate fyuzi ya kiwango chake: ampea 25 kwa redio ya wati 100, 10 kwa VHF ndogo, 5 kwa taa na chaja. Kosa ninaloliona kila mara ni sanduku lenye fyuzi za 30 matawi yote, eti zisiungue ovyo. Redio nyingi zina diodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye mlango wa umeme ambayo, chanya na hasi zikigeuzwa, hupiga shoti makusudi ili fyuzi iungue. Fyuzi ya 30 kwenye tawi la redio ya ampea 5 haitawahi. Diodi itakufa kwanza, na baada yake redio. Kumbuka pia kwamba fyuzi bapa za gari haziungui mara tu zikizidiwa: ya ampea 20 inaweza kubeba 22 kwa saa nyingi. Na ile kuu ikiwa 30 huku tawi likiwa na 25, shoti ya tawi moja inaweza kuunguza zote mbili. Kwa sanduku lenye redio kubwa 2, fyuzi kuu ya 50 au 60 na waya wa milimita 10 za mraba ndiyo hesabu inayokaa sawa, mradi betri yenyewe iweze kutoa mkondo huo.

Viunganishi vina mjadala wao. Anderson Powerpole, viunganishi vya plastiki vyenye nyumba nyekundu (chanya) na nyeusi (hasi), hazina dume wala jike. Ukitazama mdomo wake, ulimi ukiwa juu, nyekundu iko kulia. Mpangilio huu ndio uliozoeleka kwa vikundi vya dharura vya redio za ridhaa, na kifaa cha mgeni kinachomeka bila maswali. Vyuma vya ndani vinavyoshika waya, vya ampea 15, 30 na 45, vinaingia kwenye nyumba ileile ya plastiki. Udhaifu wake ni mbili. Hakina kufuli, kwa hiyo kebo nzito inayoning'inia hukivuta kidogo kidogo. Na kwa kuwa hakina dume na jike, hakuna kinachokuzuia kuchomeka betri mbili kwenye sanduku moja. XT60, kiunganishi cha aina nyingine, inashika kwa nguvu zaidi na ina jinsia: upande wa jike unakaa kwenye betri ili vyuma vyenye umeme visibaki wazi. Lakini inahitaji kulehemu, na kebo ya mgeni yenye jinsia isiyofaa haina faida. Plagi ndogo za duara za milimita 5.5 ziachie vifaa vya chini ya ampea 3 hivi. Tundu lake lina milimita 2.1 au 2.5, moja inaingia kwa mwenzake ikilegea, na nguzo hazifanani kwa watengenezaji wote.

Powerpole iliyobanwa vibaya inafaa kutazamwa kwa karibu. Chuma kinapoingia kwenye nyumba yake lazima kilie “tik”, ulimi wake ukiwa umepanda juu ya springi ndogo ya ndani. Kisipolia, kinakaa nyuma kwa milimita 1 au 2, vyuma viwili vinagusana kwa ncha tu, na kwa ampea 20 plastiki nyekundu inabadilika rangi kuwa kahawia kuzunguka mdomo. Chanzo huwa risasi ya kulehemu iliyobaki nje ya chuma, au waya mnene uliolazimishwa kwenye chuma cha ampea 15. Baada ya kubana, vuta kila waya kwa mkono kwa nguvu. Ukitoka, ulikuwa utoke.

Kuhusu kuunganisha betri mbili ili kupata moja kubwa: usifanye kabla ya kupima. Iliyojaa ina volti 13.4, iliyokwisha ina 12. Ukinzani wa waya na betri zote ukiwa miliomu 40, ampea 35 zitakimbia kutoka moja kwenda nyingine papo hapo, na cheche zitaonekana. Zijaze zote mbili kwanza, tofauti iwe chini ya volti 0.1. Lithiamu na betri ya risasi na asidi zisikutane kabisa. Ya asidi iliyojaa inatulia kwenye 12.7, ya lithiamu kwenye 13.3, ya lithiamu itabeba mzigo wote na kumlisha mwenzake mpaka ikaribie kwisha.

Kwa kituo cha siku 1 au 2, uamuzi wangu ni huu: kila redio inayorusha wati 100 ipewe betri yake ya ampea-saa 20 hadi 30, yenye saketi ya ulinzi inayoruhusu ampea 30 mfululizo, na kebo isiyozidi mita 2 ya milimita 4 au 6 za mraba. Sanduku la kugawia libaki kwa vitu vyepesi: VHF, taa, simu, kompyuta. Liwe na betri yake. Hilo linasaidia hata kelele, kwa sababu chaja ndogo za simu hutoa mkwaruzo unaosikika kwenye HF, na zikiwa mbali na betri ya redio kubwa mkwaruzo unapungua. Ili kuijua iliyo mbaya, tegea masafa matulivu na uchomoe moja moja huku ukitazama mita ya redio. Viunganishi viwe vya aina moja kituo kizima. Nishati basi inagawanywa kwa kuhamisha betri, si kwa waya.

Kituo kinachokaa wiki nzima mahali pamoja chini ya paneli za sola ni jambo jingine. Huko kuchaji betri 5 kwa zamu ni kazi ya mtu mzima, na ningekubali betri kubwa, kwa masharti mawili: kompyuta isitoe umeme wake kwenye sanduku la redio, na betri 1 ndogo iliyojaa ikae pembeni ikisubiri.

Ili kujua lini ubadilishe betri, usingoje volti zikuambie. LiFePO4 ikiwa na asilimia 80 na ikiwa na 40 zinatofautiana kwa sehemu ndogo ya volti. Hesabu ampea-saa. Mwendeshaji wa sauti anayerusha sehemu 1 kati ya 5 ya muda, kwa wastani wa ampea 9 akirusha na 1 akipokea, anakula 2.6 kwa saa. Betri ya 20 inampa saa 6 kabla ya kubaki na akiba ya asilimia 20. Anayetumia kidijitali kwa wati 50, ampea 13 nusu ya muda, anakula 7 kwa saa. Huyo aletewe betri nyingine kila baada ya saa 2.