Maneno mawili kwenye kisanduku cha utafutaji

Mwaka 2000 watafiti Jansen, Spink na Saracevic walichapisha uchambuzi wa maulizo 51,473, yaani maneno yanayoandikwa kwenye kisanduku cha utafutaji, ya watumiaji 18,113 wa Excite, mtambo wa utafutaji uliovuma enzi hizo. Wastani ulikuwa maneno 2.21 kwa ulizo, na zaidi ya nusu ya watumiaji hawakuvuka ukurasa wa kwanza wa matokeo. Tangu hapo utafiti wa namna watu wanavyosaka taarifa umezidi kuegemea kumbukumbu za mitambo, yaani rekodi za kile watu walichoandika na kubofya, na mahojiano ya ana kwa ana yakaanza kuonekana kazi ya polepole yenye ushahidi haba.

Kumbukumbu zina ubora wake. Hazisahau, hazimpambi mtu, na hunasa hata swali la ugonjwa ambalo mhojiwa angeona haya kulitamka.

Lakini hiyo 2.21 inapima nini hasa? Aliyeandika "maumivu ya kifua" huenda ni mgonjwa, huenda ni mama wa mtoto anayekohoa, huenda ni mwanafunzi mwenye mtihani kesho. Robert Taylor, mtaalamu wa maktaba na taarifa, alieleza tangu 1968 kwamba haja ya taarifa hupitia ngazi nne: dukuduku lisilosemeka, haja inayotambulika lakini haijakaa sawa, swali lililonyooka, na mwisho swali lililopunguzwa ili mfumo uweze kulipokea. Kumbukumbu huiona hiyo ya nne tu. Kwa hiyo wanaosoma uvivu ndani ya ulizo fupi wanakosea. Mtu ameandika kile alichodhani mashine itakielewa.

Kuhesabu kwenyewe nako kuna mitego. Watafiti wengi hukata kipindi cha utafutaji baada ya dakika 30 za ukimya, hivyo anayefuatilia jambo moja kwa siku tatu hugeuka vipindi vitatu visivyohusiana. Simu inayotumiwa na nyumba nzima huhesabiwa mtu mmoja. Asiyebofya kiungo chochote huenda amekata tamaa, huenda jibu amelisoma palepale juu ya ukurasa. Kwenye jedwali wote wawili ni sifuri.

Na wapo wasioingia kwenye jedwali kabisa. Mwaka 2011 Lwoga, Stilwell na Ngulube, waliozungumza na wakulima wa Tanzania, walionyesha kwamba chanzo chao kikuu ni majirani, ndugu na marafiki, wakifuatiwa na maafisa ugani. Kumuuliza jirani kuhusu mbegu hakuachi alama kwenye seva yoyote. Anayetazama seva pekee ataamua kwamba mkulima huyu hatafuti taarifa, kisha atashauri fedha zipelekwe kwenye programu ya simu wakati afisa ugani hana mafuta ya pikipiki.

Mahojiano mabaya yapo pia. Ukiuliza "huwa unatafutaje taarifa?" utajibiwa kile kinachopendeza. Brenda Dervin, mtafiti wa mawasiliano, alipendekeza njia bora: chukua tukio moja halisi, lipange hatua kwa hatua, na kwa kila hatua uliza swali gani lilizuka, nini kilizuia, na jibu lilisaidia nini. Tukio liwe la karibuni, kwani kumbukumbu ya mtu hufifia upesi. Kama mhojiwa anaridhia, fungueni pamoja historia ya utafutaji kwenye simu yake na aeleze kila ulizo. Baada ya watu 15 au 20 wa namna hiyo, mtafiti anajua kipi cha kuhesabu kwenye mamilioni, na akate vipindi wapi.